Mama Mwenyeji wa Chiku

Chuo ninachofanyia kazi ya maabara hutudhamini wageni tupate ukaazi wa kudumu, ila kwa sharti: mtoto wako akiumia mbele ya mkaguzi wa uhamiaji, amkimbilie mama mwenyeji, raia wa hapa aliyepangiwa. Mwanangu Chiku alipangiwa Marit, jirani yetu wa ghorofa ya juu. Mwaka mzima nilijifungia chooni kila Chiku alipolia Marit akiwa kwetu, ili amzoee yeye.

Leo, mkaguzi na Marit wakiwa sebuleni kwetu, Chiku alijikwaa kwenye zulia. Akanipita nimeshapiga magoti, akajificha shingoni kwa Marit, naye akanusa nywele nilizozisuka mimi.

“Hongera, Mama Chiku,” mkaguzi akasema, akigonga muhuri. “Sasa nyinyi ni wa hapa.”

Nikamchukua mwanangu kwa nguvu kidogo. Akakakamaa, akilia.

“Hapendi kubebwa hivyo,” Marit akaniambia kwa upole. “Ngoja nikuonyeshe.”