Mkanda wa Mama

Mwezi ulipoanza kupatwa, Mwanahija alitoka na kamera. Mkanda wa picha uliokuwa ndani ulikuwa umebakiza picha chache, naye alitaka kuumaliza usiku ule ili kesho aupeleke kusafishwa katika chumba cha giza, maana mkanda usiosafishwa ukipigwa na mwanga picha zote hufutika. Humo ndimo zilimokuwa picha za mama yake, alizompiga siku chache kabla hajafariki, akicheka kibarazani huku akichambua mchele. Nyingine hazikuwapo, kwa kuwa mama hakupenda kupigwa picha.

Alisimama nyuma ya ghala, akarudi kinyumenyume ili aupate mwezi wote juu ya paa. Mguu ukatumbukia mtaroni. Alianguka chali, kamera ikagonga ukingo, kifuniko chake cha nyuma kikafunguka na mkanda ukachomoka.

"Nani huyo?" Mlinzi wa ghala alikuja mbio na tochi. "Aa, pole dada! Umeumia?"

"Zima tochi, kaka! Utauunguza mkanda!"

Mlinzi akacheka. "Tochi haina moto, dada. Gizani tutaonaje?"

Mwanahija alijaribu kuinuka, mguu ukakataa. Mlinzi aliuokota mkanda, akaunyoosha wote mbele ya mwanga, akiufuta matope taratibu kwa shati lake.

"Huu hapa. Haujakatika hata kidogo."

Alikuwa anatabasamu. Mwanahija akautazama mkanda, kisha akanyoosha mkono.

"Ahsante, kaka."

Aliupokea, akauviringisha ndani ya kanga, akaukumbatia tumboni. Kisha akainuka kwa taabu, akashika njia ya nyumbani akichechemea, mikono ameifumbata, asiruhusu hata mwale wa mwanga kuingia.