Maonyo Arobaini na Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kompyuta mpya ya kiwanda cha kanga iliwaka. Bi Mwanatumu alichomeka flashi yenye programu ya kuchanganya rangi, aliyoiandika mwenyewe miaka ishirini na miwili iliyopita. Ikigoma hapa itatupwa, naye atapumzishwa pamoja nayo.

“Mama, kitafsiri cha kompyuta hii ni kipya mno,” alisema fundi Ludoviko. “Maandishi ya enzi zako kitayageuzaje kuwa amri za mashine?”

“Waliokitengeneza wameahidi kwamba kinasoma ya zamani. Bonyeza.”

Skrini ikajaa maonyo, arobaini na moja.

“Si unaona? Kinalalamika!”

“Kiache kilalamike, onyo halizuii kazi. Kosa liko wapi?”

Ludoviko alitafuta mpaka mstari wa mwisho. Halikuwepo.

Pipa la rangi, likifuata amri za kompyuta, likachanganya nyekundu. Bi Mwanatumu akachovya kitambaa, akakikausha kwa pasi, kisha akatoa kwenye bahasha nyeusi kipande cha kitambaa cha siku ya kwanza, ambacho kila nyekundu ya kiwanda hupimwa nacho. Akakilaza juu ya kile kipya, dirishani.

Ludoviko akainama, akitafuta kwa kidole mahali kipande kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza.