Kiti cha Kinyozi

Tangu mkewe, Tusekile, aanze kuosha na kuchana mbwa wa watu kwenye kibaraza cha duka lao la kunyolea, kazi ya Gwamaka ilikuwa kukung'uta kiti kisicho na hata unywele mmoja.

Asubuhi hiyo alitokea mzee Kasebele, mteja wake wa miaka kumi na miwili. Gwamaka alikunjua shuka jeupe upesi, akakipiga kiti makofi mawili.

"Karibu, mzee. Leo tunapunguza pembeni?"

"Mimi bado, fundi. Nimemleta huyu," mzee alijibu, akimvuta mbwa wake hadi kwenye beseni la Tusekile.

Mbwa alikuwa akitetemeka. Tusekile akampakata kichwa mapajani, akamnong'oneza, "Nani kakukosea, baba? Tulia. Tulia, mume wangu." Mbwa akafumba macho, povu likimchuruzika masikioni.

Gwamaka alihisi kama amejikata na wembe wake mwenyewe. Maneno yale aliambiwa yeye, mwaka ule waliooana, alipolala na homa siku tatu. Sauti ile imehamia kwa mbwa tangu lini?

"Na mbwa mwenyewe ana makengeza," alinung'unika. Hakuna aliyemsikia.

Mzee akaondoka na mbwa wake ananukia sabuni. Tusekile akamwaga maji, akatia mengine ya uvuguvugu, akaita bila kugeuka, "Haya, nani anafuata?"

Kibarazani hapakuwa na mbwa mwingine. Alikuwapo Gwamaka, ameketi kwenye kiti chake, shuka jeupe amelifunga shingoni, macho ameyafumba.