Tundu la Kondoo

Audrey aliinamia meza ya reli yake ndogo ya mfano, chupa ya gundi mkononi, akaona tundu ambalo hakulitengeneza yeye.

Lilikuwa chini ya ukuta wa vijiwe kando ya njia ya treni, ukuta wenye kimo cha kidole gumba. Mtu alikuwa ameubomoa kipande na kukijenga upya, akaacha mlango mdogo wa mraba, juu yake jiwe moja refu. Kondoo wa plastiki alikuwa amesimama humo, nusu huku, nusu kule.

Aligusa vijiwe kwa ncha ya ukucha. Havikuwa na gundi hata tone.

Mumewe alikuwa jikoni akikoroga chai. Maisha yake yote alijenga kuta za mawe za kuzungushia malisho huko mlimani, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, mpaka mgongo ukamkatalia. Tangu mkewe aanze kazi hii, neno lake lilikuwa moja tu: ukuta wa gundi si ukuta, ni keki.

"Mzee, nani kauchezea ukuta wangu?"

"Kwani kondoo wako walikuwa wanapita wapi, bibie? Wanaruka?"

"Ukuta huo utaanguka treni ikipita."

"Ipitishe basi."

Akaiwasha. Treni ikaja ikitetemesha meza nzima. Kondoo akaanguka kwa ubavu. Ukuta haukudondosha hata kokoto.

Kule jikoni, kijiko kilikuwa kimeacha kukoroga.

Audrey akafunga chupa ya gundi, akaitia kabatini, akavuta kiti cha pili mezani.

"Njoo na miwani yako," akasema.