Mgeni wa Mambo ya Kale

"Kilian akija na nyundo zake, pigeni yowe!" Mzee Hyasinti alifoka huku akipanda lori la samaki. "Mimi namfuata mgeni Songea, na safari hii simwachi."

"Nenda salama, Mzee," alijibu Mama Beata, mwenyekiti wa kina mama. "Nyumba tuachie sisi."

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa la enzi za Wajerumani, hapo Mbamba Bay, na Hyasinti alikuwa karani wa forodha humo mpaka alipostaafu. Tangu biashara ya kahawa iachwe huria, Kilian alikuwa ametajirika kule Mbinga, na sasa alitaka kulivunja ajenge gesti. Kila mwaka Hyasinti alikwenda ofisi ya mambo ya kale Songea kuomba lilindwe. Kila mwaka aliambiwa gari bovu, mafuta hakuna, afisa yuko semina. Semina! Kama vile nyumba huhifadhiwa kwa soda na maandazi.

Safari hii alikalia benchi la ofisi wiki mbili, mpaka afisa mwenyewe, Bwana Praygod, akachoka kumruka miguu.

"Shikamoo, mzee wangu. Tutakwenda. Ila kuta za mawe tunazo tele. Thamani ya ile nyumba ni mbao zake: milango ya kuchonga, nguzo za baraza, ngazi. Nikizikuta naiwekea ulinzi, na huyo Kilian wako atakoma."

"Zipo zote, mwanangu. Nilizifuta vumbi kwa mkono wangu."

Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Kwenye mteremko wa kushukia ziwani gari lilikwama, likanasuliwa, likakwama tena. Hyasinti alisukuma huku akilaani matope, serikali na Kilian. Je, kama wamechelewa?

Walifika mchana, mvua bado inamwagika. Kina mama waliwapokea kwa vigelegele, wakawaingiza moja kwa moja kwenye ukumbi wa parokia. Mgeni hakagui kitu na njaa yake.

"Kilian alikuja?" Hyasinti alinong'ona.

"Alikuja, tukamtimua kwa michi."

Mzee nusura alie kwa furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alikula akashiba.

Praygod naye aliongeza wali mara mbili, na mchuzi wa samaki mbasa akaumaliza. "Mama, chakula kitamu! Lakini na mvua yote hii, kuni kavu mmezitoa wapi?"

Mama Beata alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Tungekuonyesha uchakavu, mheshimiwa? Tumechanga, tumetia milango mipya ya chuma na nguzo za saruji, nyumba inang'aa! Zile mbao kuukuu za Mjerumani, wee, zinawaka hizo! Kwa chai yako ya asubuhi tumebakiza ngazi."