Chupa Nyuma ya Mlango

Chupa ilikuwa bado ina joto. Mama Falone aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ndipo akajua kwamba hiyo rangi ya njano si mafuta ya kupikia. Aliitupa uani, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni.

"Yaya, umeona?" akamwambia kaka yake Ambroise, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Tchomia, nguo zake zikinuka moshi wa samaki. "Kijana wa miaka makumi mbili na mbili! Choo iko hapa, hatua kumi tu. Yeye anakojoa mu chupa ju asiache jeu yake ya simu!"

Ambroise alitikisa kichwa. Alikuwa ameitwa aje amchukue Elysée, mtoto wa marehemu dada yao, akamtie kwenye kazi ya kukausha samaki kabla hajaozea chumbani.

Kuoza kwenyewe kulikuwa kumeshaanza. Chumbani mle mlikuwa na sahani za bugali ulioota ukungu, soksi ngumu kama mbao, blanketi lenye jasho la mwezi mzima, na katikati ya uchafu wote huo Elysée, amejikunja kwenye kona, magoti kifuani, simu usoni. Miaka minne sasa. Shule aliiacha, kanisa aliliacha, kuoga ndiyo usiseme. Hata Falone, binti wa Mama Falone mwenyewe, aliyetimiza miaka kumi na saba juzi tu, alikuwa amehamia kwa shangazi yake akiikimbia ile harufu.

Na mchezo wenyewe ni vita. Watu mia moja wanashushwa kisiwani, wanauana mpaka abaki mmoja. Mtoto aliyezaliwa humu humu Ituri, aliyewaona watu wa mapanga kwa macho yake, anamaliza mega za intaneti za watu kutafuta vita vingine! Hilo lilimchefua Mama Falone kuliko hata mikojo.

Tena baada ya yote aliyomtendea. Kanisani kila mtu aliujua ushuhuda wake: jinsi kijiji chao, upande wa Marabo, kilivyovamiwa, jinsi dada yake alivyouawa mlangoni, jinsi yeye, mwanamke peke yake, alivyombeba yatima wa miaka sita mgongoni na kupita naye porini siku mbili hadi Bunia. Akina mama walilia kila mara, wakampa kiti cha mbele. Elysée peke yake ndiye hakuwahi kulia. Alikuwa akimkodolea macho tu, macho makavu, mpaka Mama Falone akaacha kwenda naye kanisani. Kwa kweli, kumtazama kijana yule kulimtia kinyaa hata kabla ya huo mchezo.

Akasukuma mlango kwa mguu.

"Weye iko mutu ao iko nguruwe? Simama! Muyomba wako amefika."

Elysée hakuinua kichwa. Ambroise akaziba pua, akainama juu ya simu aone hivyo vita. Hakuona mtu anayepigana. Aliona kibanda kidogo cha mbao, mlango umefungwa, na ndani yake askari mmoja amechutama, mikono mitupu. Risasi zililia nje.

"Hii ni choo?"

"Ndiyo, muyomba."

"Na bunduki yako iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Sasa utauaje watu?"

"Sijauaka mutu. Ninajificha tu."

Mama Falone alicheka kwa dharau. "Unasikia, yaya? Miaka ine, mega zote zile, anajificha mu choo! Toka. Toka mu nyumba yangu leo leo!"

Hatua za mtu zilisikika kwenye simu, mlango wa kibanda ukapigwa teke, kioo kikawa chekundu. Elysée akajifuta jasho la kipaji, akabonyeza, akaanza upya. Kisiwa kilekile, kibanda kilekile. Akafunga mlango, akachutama.

"Mbona hautoki, mwana?" Ambroise aliuliza taratibu. "Hata kukojoa, hautoki?"

"Mama alinikatazaka," Elysée alisema bila hasira, kidevu chake kikimwelekea Mama Falone. "Alinifungia mu choo ya kijiji. Alisema nisitoke, hata mukojo ikinibana, mpaka ataniita. Nilikaa siku tatu. Ni wanajeshi walinitoa."

Ambroise alimgeukia dada yake.

"Lakini si alikubeba pa mugongo?"

"Hapana, muyomba," Elysée alisema, macho yakirudi kwenye simu. "Pa mugongo palikuwa Falone."