Tone la Kwanza ni la Ardhi

"Msiguse!" Mas Ferdie alifoka, na mikono yote ikarudi nyuma kwa pamoja. "Hilo tangi la shaba linachemka. Kuna Mjerumani aliiacha ngozi ya kiganja chake hapo hapo."

Jamaa mrefu mwenye shati la maua akapuliza vidole vyake, ingawa hakuwa amegusa kitu. Mwanamke mwenye kofia nyekundu akamkanyaga mguu.

Mas Ferdie hakuona. Alikuwa akinyoosha tai ya sare yake, sare ya kiwanda cha ramu cha Tamarind Gully, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alianza kazi hii ya kutembeza watalii nywele zake zikiwa bado nyeusi.

"Niwaambie ukweli, wageni wangu." Alishusha sauti. "Bosi kaniita. Anasema siku hizi napotea katikati ya maneno. Nikikwama tena leo, Jumatatu nisije. Sasa mkiniona nimekwama, nyie chekeni. Akisikia kicheko atajua kazi inaenda."

Wakacheka. Mke na mume waliovaa miwani ya jua walicheka mpaka mume akaingiza kidole chini ya kioo na kufuta jicho.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Toronto," alijibu mke.

"Na wewe, mnazi?"

"Birmingham," akasema jamaa mrefu.

"Baridi ya huko ikoje?"

Jamaa alifikiri. "Kama kuingiza kichwa kwenye friji."

"Friji!" Mas Ferdie alijipiga paja. "Mtu kapanda juu hivi, akili kaiacha ghorofa ya chini!"

Akawapitisha kwenye matangi ya molasi, kisha kwenye mapipa makubwa ya kuchachishia. "Ramu ya Jamaika haitengenezwi," alisema. "Inazaliwa. Tegeni sikio muisikie inavyopiga mateke." Wakatega masikio kwenye mbao. "Mnasikia?"

"Tunasikia," wakajibu, kama watu walio kanisani.

Maneno yalikuja yote, moja likimshika mkono mwenzake: miwa, molasi, hamira, moto. Mwanamke mwenye kofia nyekundu alitembea nyuma yake, midomo ikimchezacheza kama anayesali.

Wakafika kwenye ghala la mapipa. Hapo mzee akasimama na kujikohoza, kama mtu aliyefika mahali pake.

"Hapa ndipo nilipompata mke wangu. Alikuwa akiosha chupa pale kwenye kona. Nikamwambia, binti, ukinikubali mimi naacha kunywa. Akanijibu..."

Jamaa mrefu alikuwa ameshaanza kucheka.

"...akanijibu, ukiacha kunywa wewe, sisi tutamuuzia nani?"

Wakacheka wote. Mas Ferdie akangoja kicheko kiishe, akitabasamu.

"Na binti huyo jina lake..."

Mdomo ukabaki wazi. Mkono ukapanda kwenye tai na kuishika.

"Jina lake ni..."

Hakuna aliyecheka.

"Taratibu, Mas Ferdie," alisema mwanamke mwenye kofia nyekundu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Hatuna haraka."

"Ninalo, mama. Ninalo hapa kwenye ulimi." Akatazama mlangoni, kama aliyesikia viatu vya bosi. "Wiki iliyopita nililitaja. Si nililitaja? Mtu anasahauje jina la mkewe?"

Mwanamke huyo alifumbua kinywa, akakifumba. Yule mke wa Toronto akakimbilia pipa dogo, akafungua bomba, akagawa ramu kwenye vibilauri ili mikono ya watu ipate kazi. Na jamaa mrefu, mawazo yakiwa kwa mzee, akafanya kile wanachofanya watu wa Tamarind Gully kabla ya kunywa. Akainamisha bilauri, na tone la kwanza likaanguka sakafuni.

Mas Ferdie akaliona.

"Wewe." Akamkazia macho. "Watalii hawamwagi. Watalii wanakunywa, halafu wanakohoa. Nani kakufundisha kuwapa wafu?"

Jamaa akairudisha bilauri wima. "Bibi yangu. Wa... wa Birmingham."

"Basi bibi yako kakufundisha nusu! Unamwaga kimya kimya? Usipotaja jina, anakuja kunywa mzimu yeyote tu, hata mwizi wa mbuzi. Lete hapa."

Akamnyang'anya bilauri na kuiinamisha kwa adabu.

"Hili la baba yangu, Josiah. Hili la mjomba Bertram... huyu tumuongeze kidogo, alikuwa haoni tone moja kuwa kitu. Na hili la mama mkwe wangu, Miss Clemmie, mama yake Ionie."

Akainua uso kutoka kwenye bilauri.

"Ionie," alirudia polepole. Uso wote ukachanua. "Ionie! Mke wangu anaitwa Ionie! Nendeni mkamwambie bosi!"

Walipiga makofi hadi popo wakaruka darini. Mwanamke mwenye kofia nyekundu hakupiga. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nje, kwenye jua, mke na mume wa Toronto walivua miwani na kuirudisha kwenye kikapu alichoshika mwanamke mwenye kofia nyekundu. Jamaa mrefu akavua shati la maua, akalitia humo. Chini yake alikuwa na ovaroli ya gereji, nyeusi kwa grisi.

"Jumapili ijayo, Miss Ionie?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Jumapili ijayo," alijibu mwanamke huyo, akiiweka kofia nyekundu juu ya shati. Kisha akalivuta lile lango lililoliwa na kutu, akazungusha mnyororo, akafunga kufuli ambalo kampuni ilimwachia mwaka ule ilipouzima moto wa mwisho na kukifunga kiwanda.

Akamgeukia Mas Ferdie na kumshika mkono waende.

Mzee akautoa mkono wake taratibu, kwa heshima.

"Uniwie radhi, mama," alisema. "Mimi nina mke, na ananingoja nyumbani."